Shira Kabla ya Wakati

Lori la kampuni limerudisha makasha tisa.
Karatasi ya mkaguzi ina neno moja: madoa.
Si funza, si kuoza. Madoa,
kama yale ya mikononi mwa baba mkwe wangu
aliyezikata mwenyewe kule kilimani, juu ya Wulgulga,
kilemba cha rangi ya zafarani, buti za mpira,
na magoti yanayolia kuliko mlango wa banda.

"Zitupwe," akasema mume wangu.
Mzee Gurcharan hakujibu.
Aliyabeba makasha moja moja hadi jikoni kwangu,
akayapanga chini ya dirisha,
akaenda zake kuoga.

Miaka kumi na moja nimeolewa na ndizi;
mume alikuja kama nyongeza.
Nimezivisha mifuko ya buluu zikiwa changa,
nimefua utomvu wake usiofulika
(nguo zangu zote ni ramani za kahawia),
nami sizipendi. Haya, nimesema.
Lakini harufu ilikwisha kuingia hata kwenye mito.

Nikamwita Beryl, ng'ambo ya ua.
Beryl Hotchkiss, miaka themanini na miwili,
hapiki kwa mizani, hupika kwa ubishi.
"Nyeusi, Narinder. Nyeusi kama soksi za polisi.
Ukiona haya kumwonyesha mgeni, basi zimeiva."

Tatu, au nne zikiwa ndogo. Uma.
Ponda, lakini acha vinundu,
mkate laini mno hauna cha kusimulia.
Siagi iliyoyeyushwa, nusu ya kikombe cha Mzee,
kile kilichokatika mkono;
sukari kiasi hichohicho; mayai mawili;
magadi, ncha ya kijiko;
unga mwisho, na hapo, akanishika kifundo,
hapo uwe mvivu.
"Koroga kama mtu asiyelipwa."
Nilicheka.
Najua kufanya kazi bila kulipwa,
na haifanywi hivyo.

Kwa saa nzima tanuri liliziamini
ndizi ambazo soko halikuziamini.
Mgongo wa mkate ukapasuka katikati,
kama mtu aliyezuia kicheko kanisani akashindwa.

Sasa shira: sukari ya unga,
limau la uani, maziwa ya kulainishia,
na iliki. Iliki ni yangu.
Punje sita, kinu cha shaba
kilichosafiri toka Jalandhar ndani ya sufuria,
ndani ya sanduku, ndani ya khofu ya forodha.
"Inanukia duka la dawa," alisema Beryl,
akalamba kijiko, akakirudisha bakulini,
akakilamba tena.

"Upoe kwanza," alionya.
"Ukimimina ungali moto, shira itakukimbia."
Tukatoka kubishana kuhusu mlimau wangu,
yeye akisema unahitaji shoka, mimi samadi.

Jasmeher ana miaka sita na hana subira.
Alivuta kiti. Alimimina yote.

Tuliporudi weupe ulikuwa haupo.
Umezama kwenye nyufa, umenyonywa,
na kilichobaki juu kimekauka
vibaka vibaka, hapa kinang'aa, hapa hakuna kitu.
Nikapaza sauti. Mtoto akapanua macho,
sukari mpaka kwenye nyusi.

Mzee akaingia, ndevu zikichuruzika.
Akauinamia mkate, akauzunguka,
kama alivyomwona mkaguzi akifanya.
"Una madoa," akasema,
akavuta kisu.

Ndani ulikuwa mbichi kidogo upande mmoja.
Shira ilikuwa imeshuka hadi chini kabisa,
na kila kinundu kilinukia iliki.
Hakuna aliyesema lolote kuhusu haraka wala baraka.
Mzee alikula vipande vitatu amesimama.

Mimi nilikula ile pembe iliyoungua,
nimewapa mgongo,
ili pasiwe na shahidi.

Makasha manane na ushei bado yapo.
Beryl ameenda kwake kutafuta makopo mengine
na, asema, shoka.